Marashi ya kiume ya zamani: muulizeni dobi

Ndugu aliyeanzisha uzi ameuliza swali la haki. Kuna nini ndani ya chupa ya marashi ya kiume ambayo kampuni iliacha kuyatengeneza zamani, hata mtu mzima mwenye watoto atoe elfu arobaini za Kenya kwa chupa iliyobaki nusu, na madukani mapya yamejaa tele? Waliotangulia kujibu wamesema ni kumbukumbu: harufu ya baba, harufu ya harusi ya kaka. Kwangu mimi sivyo. Baba yangu, Mungu amrehemu, alijipaka mafuta ya nazi kila siku na Ijumaa akajifukiza udi, basi. Chupa ya Kizungu hakuwahi kuwa nayo. Haya marashi ninayohangaika nayo sikuyanusa utotoni hata mara moja. Niliyajua nikiwa na miaka 32, mkononi nimeshika pasi.

Nilikuwa dobi Muscat, mtaa wa Ruwi, kuanzia 2004 hadi 2015. Kazi yenyewe ni kanzu: nyeupe asubuhi, nyeupe jioni. Kanzu ya Kiomani ina kile kishada kinachoning'inia shingoni, wenyewe hukiita furakha, nacho hutiwa manukato. Kwa hiyo dobi wa kule, apende asipende, atanusa. Tena kufua hakuondoi kila kitu. Kanzu inatoka kwenye mashine ikinukia sabuni, unasema hii imetakata. Ipitishie pasi ya mvuke uone: harufu inafufuka. Na inayofufuka siyo ile mwenye kanzu aliyoinunua. Ndimu, machungwa, lavenda, yote yale ya kumlainisha mtu mbele ya kaunta, yameshakwenda zake tangu jana. Kinachobaki ni cha chini kabisa: miski, sandali, udi, ambari, na vitu vingine ambavyo wakati huo sikuwa na majina yake.

Baada ya mwaka hivi nilikuwa naweza kusema kanzu ni ya nani kabla ya kuangalia namba yake. Wa udi nilimjua, wa mafuta ya waridi nilimjua. Marashi ya Kizungu yaliyokuwa mapya wakati ule ndiyo yaliyonichanganya, kwa sababu wateja kumi wenye chupa kumi tofauti walitoka kwenye pasi wakiwa mtu mmoja. Sisemi kwamba mapya hayadumu. Yanadumu sana, mengine yanakera. Ambroksani, ile ambari ya maabara iliyojaa ndani ya marashi mengi ya sasa, inaweza kukaa kwenye kola siku nne. Lakini inakaa na sauti moja, tangu asubuhi hadi usiku, kama king'ora.

Sasa kulikuwa na mzee mmoja, mzaliwa wa Unguja aliyehamia Oman ujanani. Kiswahili chake ni kile cha Mji Mkongwe ambacho sisi wa Mombasa tunakionea wivu ila hatukiri. Kanzu zake nilikuwa naziweka mwisho, kama mtu anavyoweka nyama pembeni mwa sahani. Pasi ikigusa bega, kulikuwa kunatoka kitu kama ngozi ya kitabu cha zamani, halafu sandali, halafu utamu kidogo kama wa asali iliyokaribia kuungua. Wiki inayofuata hivyo hivyo. Siku moja nikajikaza.

"Shikamoo mzee. Nisamehe, hivi unajipaka nini?"

"Marahaba mwanangu. Kwani kanzu zinanuka?"

"Hazinuki mzee. Zinanukia."

Akacheka mpaka akashika kaunta. Alhamisi yake akaja na chupa imeviringwa kwenye leso: Patou Pour Homme. Alinunua kadhaa miaka ya themanini, akawa anazitumia kwa kuhesabu, na hiyo ilikuwa imebaki kama kidole kimoja chini. Akaniambia niipulize kwenye nguo, si mkononi, na nisimpe maoni mpaka kesho.

Nilitii. Siku ya kwanza, nasema ukweli, sikuona cha ajabu. Lavenda na majani makali, nikasema hii ni ya kinyozi. Baada ya saa ikaja pilipili. Jioni ikawa kitu kingine. Asubuhi nikaitoa ile fulana kwenye msumari nikanusa, nikakaa kitandani. Ile fulana ilikuwa inanukia vizuri kuliko mimi nilivyowahi kunukia maisha yangu yote, na haikufanana hata kidogo na nilichopuliza jana.

Hili ndilo jibu langu kwa mwenye uzi. Mengine ni maelezo. Marashi mengi ya zamani yalijengwa kuanzia chini kwenda juu. Mtengenezaji alianza na harufu ya kesho yake. Ya sasa mengi yanajengwa kuanzia juu, kwa ajili ya zile dakika tano unazosimama dukani na kale kakaratasi ka kunusia. Sisi watu wa pwani hatukupaswa kushangazwa na hili, maana ndivyo tulivyofundishwa kupima udi: hausifiwi ukiwa kwenye chetezo, unasifiwa asubuhi ukiwa kwenye nguo.

Hiyo Patou ilitoka mwaka 1980, kazi ya Jean Kerléo, mtunzi wa marashi wa nyumba ya Jean Patou ya Paris. Ilipoacha kutengenezwa bei yake ikapanda hadi ikawa kichekesho. Mwaka 2013 waliirudisha kwa jina lile lile, safari hii ikiwa imetungwa upya na Thomas Fontaine. Niliinusa. Kijana mzuri, mwenye adabu. Lakini si yeye. Na siyo kosa la mtunzi, maana hata ungempa kanuni ya 1980 mkononi asingeweza kuifuata.

Kuna kuvumwani moja, ile ndevu ya kijivu inayoota kwenye magome ya mialoni huko Ulaya. Ikikamuliwa inatoa harufu ya msitu uliolowa na wino, nayo ilikuwa msingi wa nusu ya marashi ya kiume ya karne iliyopita. Ndani yake mna kemikali mbili, atranoli na kloroatranoli, ambazo huwatoa baadhi ya watu vipele. Kwanza IFRA, chama cha watengenezaji wenyewe, kikabana kiasi kinachoruhusiwa. Kisha Umoja wa Ulaya ukazipiga marufuku kabisa: tangu 2019 bidhaa mpya isiwe nazo, tangu 2021 isiuzwe yoyote yenye nazo. Siku hizi hutumika kuvumwani iliyochujwa, na iliyochujwa ni kama kahawa isiyo na kahawa. Miski za maabara za zamani nazo nyingine zilikatazwa kwa sababu za afya. Silaumu. Mwenye kuwashwa ana haki yake.

Sandali ni hadithi nyingine, na hii inatugusa. Sandali ya Mysore kule India ilikatwa mpaka ikawa haba na ghali, watu wakaanza kutafuta mbadala, na mbadala mmoja ni msandali wetu wa porini, ule unaoota Kenya na Tanzania na Uganda. Kenya ilikataza kuuvuna mwaka 2007, na mwaka 2013 ukaingizwa kwenye orodha ya CITES, ule mkataba wa kimataifa wa kudhibiti biashara ya mimea na wanyama walio hatarini, kwa nchi za Afrika Mashariki, lakini magogo bado yanakamatwa kila baada ya muda. Kwa hiyo ukinusa sandali nono ndani ya chupa ya 1980, jua unanusa msitu ambao hausimami tena.

Sababu ya tatu ni ya kijinga tu: karatasi. Leseni zinahama. Manukato ya Gucci yalikwenda Procter & Gamble mwaka 2006, kisha Coty 2016, na kila mwenye nyumba mpya hutupa viti vya aliyemtangulia. Hivyo ndivyo wapenzi wa Gucci Envy for Men ya 1998 walivyobaki yatima. Ile ilikuwa tangawizi, tangawizi kwelikweli, chini yake ubani. Nilikuta chupa mbili kwenye kiduka cha Muttrah, kule kule Muscat, vumbi juu, muuzaji Mhindi akanipa kwa bei ya sabuni kwa sababu alikuwa anataka kufungua nafasi. Moja nikamuuzia mtu. Naijutia mpaka leo.

Na M7 jamani. Mwaka 2002 Yves Saint Laurent, mbunifu Tom Ford akiwa ndiye mwenye usukani, wakatoa marashi ya kiume yenye udi mbele, yakaelezwa kama jambo ambalo halijapata kutokea. Waliposikia habari hizo akina bibi zetu sijui walikuwa wanafukiza nini miaka yote. Soko la kule halikuyaelewa, hayakuuza walivyotarajia, na 2011 yakabadilishwa yakawa M7 Oud Absolu. Miaka michache baadaye kila kampuni ina chupa imeandikwa "oud". Waliwahi mno. Ya mwanzo, ile ya chupa ya kahawia, ninayo kama robo hivi, na ndiyo pekee mke wangu anayoniibia.

Msinielewe vibaya lakini. Zamani kulikuwa na takataka nyingi, ila takataka hakuna aliyezihifadhi, ndiyo maana tunadhani zote zilikuwa dhahabu. Na nyingine ni nzuri lakini si za kuvaa. Kouros ya 1981, nayo ya Yves Saint Laurent (YSL), ya mtunzi Pierre Bourdon, ina ule ukali wa zabadi, ile ya fungo, pamoja na asali. Kwenye kanzu kesho yake ni maajabu. Kwenye matatu saa saba mchana, bahari imetulia, utashushwa.

Kwa anayetaka kununua. Mimi nimeshatapeliwa, kwa hiyo sikilizeni. Mwaka 2017 niliagiza Patou kwa mtu wa mtandaoni, elfu 38 pamoja na usafirishaji. Kasha halisi, chupa halisi, hata mkwaruzo wa kizee ulikuwepo. Nikapuliza: lavenda, sawa, pilipili, sawa kidogo. Nikafurahi, nikampongeza na kumpa nyota tano. Asubuhi kanzu inanukia pasi tu. Chupa ilikuwa yake, kilichomo hakikuwa chake. Mtu alijazia maji ya bei rahisi yenye kufanana kwa saa moja. Pesa haikurudi. Tangu siku ile sinunui chupa nzima bila kwanza kuomba mililita mbili za kujaribu, na kujaribu kwangu mimi ni saa ishirini na nne.

Kasha lisome kama cheti cha kuzaliwa. Kouros ya zamani kabisa ina jina la Charles of the Ritz, baadaye Sanofi Beauté, baadaye YSL Beauté, na tangu 2008 mwenye mali ni L'Oréal. Angalia pia orodha ya viambato. Tangu 2005 sheria ya Ulaya ilidai vizio 26, yaani vitu vinavyowawasha baadhi ya watu, vitajwe kwa majina, kwa hiyo kasha lenye "alcohol, parfum, aqua" na basi, mara nyingi limetangulia. Ukiona Evernia prunastri, hiyo ndiyo ile kuvumwani. Kasha halina la kukwambia kuhusu kilichomo ikiwa chupa imefunguliwa, hilo mlikumbuke, nimelilipia.

Chupa ya zamani ikitoa harufu ya rangi ya kucha ukiipuliza mara ya kwanza, usiitupe. Harufu za juu ndizo huoza mwanzo. Ngoja robo saa, mara nyingi harufu ya chini bado ni nzima. Ikibaki siki mpaka jioni, basi imekufa, mzike.

Kuhifadhi: adui ni joto, mwanga na hewa, na hapa Mombasa tuna vyote vitatu vya bure. Kule Versailles kuna mahali paitwapo Osmothèque, maktaba ya manukato iliyoanzishwa 1990, huyo huyo Kerléo akiwa miongoni mwa waanzilishi. Wanayaweka gizani, nyuzi 12, juu yake gesi ya argoni ili hewa isiguse. Mimi nina sanduku la mbao la marehemu mama, chini ya kitanda, chumba kisichopigwa na jua la alasiri. Bafuni usiweke kamwe. Na usinunue kubwa ya kumimina kama ipo ya kupuliza, maana kila ukifungua kifuniko unaikaribisha hewa ndani.

Ndugu mwenye uzi, umesema uko Likoni. Vuka na feri Jumamosi moja, uje na shati la pamba lililofuliwa kwa sabuni ya kipande, isiyo na manukato. Kile kidole kimoja cha Patou alichoniachia yule mzee chupani bado sijakimaliza. Nitakupulizia mara moja tu kwenye bega la kushoto, tunywe kahawa, urudi kwenu. Usinipigie siku hiyo. Nipigie Jumapili, ukishaliamsha lile shati kwa pasi.