Kwa nini diski yako ya Windows bado inadai masasisho

Wiki iliyopita fundi mmoja kijana aliniandikia kutoka Kigoma. Alikesha siku mbili akitengeneza diski ya kusakinishia Windows 11 yenye masasisho ndani yake, na DISM (programu ya Windows ya kuhariri mafaili ya usakinishaji) ikamjibu kwamba kazi imekamilika, lakini kila kompyuta aliyoipiga Windows ilianza tena kupakua masasisho yaleyale. Niliusoma ujumbe wake mara mbili, kwa sababu fedheha aliyoieleza ilinikuta mimi mwenyewe mwanzoni mwa mwaka 2025, na mpaka leo nikiikumbuka moyo unaniuma.

Nilikuwa nimepewa kompyuta 14 katika ofisi moja ambayo sitaitaja. Ofisi nzima ilitegemea bando la modemu moja, kwa hiyo niliwaahidi kwamba ningekuja na diski iliyokamilika, ili kompyuta zao zisigombanie intaneti siku ya kwanza ya kazi. Nilinakili yaliyomo kwenye diski halisi ya Microsoft, nikaliondolea faili la install.wim, ambalo ndilo linalobeba Windows yenyewe, alama ya kusomwa tu, ambayo ikiachwa DISM hukataa kulifungua kwa ajili ya kuliandika, kisha nikapakua sasisho la mwezi huo kutoka Microsoft Update Catalog, tovuti ya Microsoft ya kupakulia masasisho.

Jaribio la kwanza liligoma. Nililisoma faili la dism.log, kumbukumbu ya kazi za DISM, mstari kwa mstari hadi adhana ya alfajiri, ndipo nikaelewa kwamba Windows 11 toleo la 24H2 ina sasisho la msingi, KB5043080 la Septemba 2024, ambalo yale ya baadaye hujengwa juu yake, na nakala niliyokuwa nayo ilitangulia sasisho hilo. Dawa yake ni kuyaweka mafaili yote mawili ya masasisho, yanayoishia na .msu, katika folda moja, kisha katika amri ya /Add-Package ukalitaja lile jipya peke yake, na DISM yenyewe italitafuta la msingi na kuanza nalo. Nilipofanya hivyo kazi ilipita. Nikaandika /Unmount-Image pamoja na /Commit ili kulifunga faili na kuhifadhi mabadiliko (ukiandika /Discard, saa zako zote zimepotea), nikauhisi uchovu wote ukinitoka. Nilijiona fundi kamili.

Jumamosi nilisakinisha mashine zote 14. Jumatatu, kabla ya saa sita mchana, zote zilikuwa zinapakua, na ilipofika saa kumi jioni bando lilikuwa limekwisha. Mkuu wa ofisi aliniita, akaniuliza mbele ya mhasibu na tarishi, "Bwana fundi, hayo masasisho uliyotulipisha yako wapi?" Sikuwa na jibu. Nilirudisha nusu ya malipo, na kazi iliyofuata walimpa mtu mwingine.

Jibu nililipata usiku ule. Faili la install.wim halibebi Windows moja, bali matoleo kadhaa, kama Home na Pro, kila moja na namba yake. Mimi nilikuwa nimefungua namba 1, yaani Home, kwa sababu tu ndiyo iliyotangulia. Kompyuta za ofisi ile zilikuwa na ufunguo wa leseni ya Pro uliohifadhiwa kwenye ubao mama tangu kiwandani, na programu ya usakinishaji ikiuona ufunguo huo huchagua Pro yenyewe bila kumuuliza mtu. Masasisho niliyoyahangaikia yalikuwemo ndani ya diski, lakini katika toleo ambalo hakuna mashine hata moja iliyolihitaji.

Kwa hiyo, ndugu yangu, kabla ya kugusa kitu chochote endesha /Get-WimInfo usome orodha yote. Afadhali zaidi, tumia /Export-Image kulitoa toleo la mteja peke yake katika faili jipya, kisha ulifanyie kazi hilo. Kama diski yako ina install.esd, faili lililobanwa zaidi, badala ya install.wim, amri hiyohiyo ndiyo itakayokugeuzia. Faili likizidi gigabaiti 4 halitaingia kwenye flashi iliyofomatiwa kwa mfumo wa FAT32, kwa hiyo ligawanye kwa /Split-Image.

Kisha lijaribu kwenye mashine pepe, yaani kompyuta ya kuigizwa ndani ya kompyuta yako, mtandao ukiwa umezimwa, uandike winver, amri inayoonyesha toleo la Windows na namba yake. Kwa kuwa mashine pepe kwa kawaida haina ufunguo wa kiwandani, itakuuliza toleo, nawe chagua lile la mteja wako, usichague lile la kwanza kwenye orodha kama nilivyofanya mimi kwenye DISM. Na tafadhali tuache kunakiliana flashi za Windows "iliyokamilika" zinazozunguka mitaani. Hujui aliyeitengeneza aliongeza nini au aliondoa nini, na mteja anapoandika neno la siri la akaunti yake ya benki kwenye mashine uliyomkabidhi, ni wewe aliyekuamini. Fundi anayebeba kazi asiyoikagua anafanya biashara ya imani ya watu.

Kijana wa Kigoma alinitumia picha ya orodha yake, na kweli alikuwa amesasisha namba 1 wakati wateja wake ni wa namba 6. Juzi usiku ilikuja picha nyingine, ya winver kwenye mashine isiyo na intaneti. Namba iliyo baada ya nukta ililingana tarakimu kwa tarakimu na ile ya sasisho alilolipachika.