MSC Irina kufunga gati Tanga?
Kaka, kwa kuwa bandari yetu imechimbwa, umeuliza kama MSC Irina, ile meli kubwa mno ya makontena, inaweza kuja. Haiwezi. Gati la Tanga lina kina cha mita 13, na meli ile ikishiba mzigo inazama zaidi ya mita 16. Urefu karibu mita 400, upana mita 61, makontena 24,346 ya futi 20! Kreni ya gatini ya kuishusha mzigo lazima mkono wake uvuke safu 24 za makontena. Na wabunifu hawakufuata kasi: tangu kampuni ya meli ya Maersk walipoleta meli zao kubwa aina ya Triple-E mwaka 2013, ujanja ni tumbo pana na mwendo wa pole, mafuta yasiteketee. Sisi angalau meli sasa zinafunga gatini, siyo kushusha mzigo kwa matishari kule nje.