Dada, hamia kliniki ya karibu
Wiki iliyopita mwanangu alipimwa kipimo cha mwisho, akiwa na miezi 18, na majibu yametoka: hana VVU. Amenyonya maziwa yangu mwaka mzima, nami ninaishi na virusi. Nalisema hili kwa kujivuna, maana wapo walioniambia mimba ile niitoe.

Siku hiyohiyo dada mmoja wa Tunduma akanitumia ujumbe. Anafuata dawa za VVU Mbeya mjini ili majirani wasimwone, na nauli imemshinda. Afanyeje?

Dada yangu, hamia kliniki ya karibu. Najua unachokimbia. Pale nilipoanzia, mhudumu mmoja aliniita kwa sauti hadi foleni nzima ikageuka. Bado linaniuma. Nikaondoka, nikawa napanda basi kutoka Makambako hadi Iringa. Kopo nililibandua karatasi, nikasokomeza pamba ndani ili vidonge visilie mkobani. Msimu wa kupanda, hela yote ikiwa kwenye mbolea, nauli ilikuwa ya kukopa. Na ukikatisha dawa, virusi huzaliana, tena vinaweza kuzizoea.

Nilipopata ujauzito nikarudi karibu na nyumbani. Kidonge kimoja kila usiku, hadi kipimo cha wingi wa virusi kikasema havionekani. Hapo mume wangu, ambaye hana, akaelewa kuwa simwambukizi kwa tendo la ndoa. Mtoto alipewa dawa ya maji, wiki ya sita akatobolewa kisigino, matone ya damu yakadondoshwa kwenye kadi ya kupimia. Bila dawa, kati ya watoto 100 wa mama wenye virusi, 15 hadi 45 huambukizwa. Mama akitumia dawa vizuri, hawafiki 5.

Jamani, tunafichana nini? Wagonjwa wa kwanza nchini waligunduliwa Kagera mwaka 1983, lakini leo tunaoongoza ni sisi wa Nyanda za Juu Kusini. Utafiti wa 2022–2023 uliikuta Njombe na asilimia 12.7 ya watu wazima wenye virusi, Iringa 11.1, Mbeya 9.6, taifa zima 4.4. Huyo jirani unayemkwepa huenda naye anakukwepa wewe.

Pimeni. Mwenye mwenza anayeishi na virusi aulizie dawa kinga, PrEP. Kondomu ikipasuka, au ukibakwa, wahi hospitali ndani ya saa 72, usingoje kesho. Na wewe unayehama, omba kwanza barua ya uhamisho. Ukiondoka kimyakimya, huku watakuandika mtoro na kule utaanza kuhojiwa upya.