Barua kwa mwanangu: deni la daftari

Mwanangu mpenzi,

Umeniuliza kama umlazimishe bintiyo amsamehe mdogo wake aliyemchania daftari la skuli, maana mdogo keshasema "samahani" na dada mtu bado amenuna. Usimlazimishe. Deni si lako, huwezi kulifuta wewe.

Nasema deni kwa sababu ndivyo tusomavyo katika Mathayo 6: "utusamehe deni zetu, kama sisi nasi tuwasamehevyo wadeni wetu." Mtoto wa miaka 6 analijua deni. Hutumwa dukani kuchukua boflo na kumwambia muuzaji aandike. Lakini "samahani" hulisema hata akitaka kupita mbele ya watu, halina uzito kwake. Sisi wazazi tunamdai neno, naye analitoa haraka ili arudi kucheza.

Basi anza na huyo mdogo. Mngoje apoe, mtoto anayelia hasikii. Mchukue chumbani, si barazani mbele ya wageni, kwani akiaibika atajitetea tu. Ataje alichokifanya kwa kinywa chake: "Nimekuchania daftari lako." Akisema "limechanika", mrudishe nyuma, daftari halijichani. Ndipo aseme, "Niwie radhi." Halafu alipe. Zakayo, yule mtoza ushuru wa Luka 19, aliahidi kuwarudishia aliowadhulumu mara nne; huyu atoe anachokiweza. Kurasa zilizopona azibandike mwenyewe, na daftari jipya litoke katika pesa zake za sikukuu, hata kama zitatosha nusu tu. Usimlipie yote. Ukimlipia, deni limekuwa lako, na yeye kesho atachana jengine.

Dada yake muulize kinachomuuma hasa. Pengine si karatasi, ni kazi ya kunakili upya masomo ya muhula mzima. Mpe siku mbili tatu. Katika siku hizo ana haki ya kununa, hana haki ya kulipiza: asimpige, asimwite majina, asimfichie viatu. Ukimshurutisha leo atasema "nimekusamehe" na moyo umefunga, kisha atajifunza kwamba kusamehe ni kusema uongo mbele ya mama.

Usiku wasomee Mathayo 18, habari ya mtumwa aliyesamehewa deni na mfalme, naye akakataa kumsamehe mtumwa mwenzake, na uwe na kete za bao. Kete moja iwe deni la dinari 100, alilodaiwa yule mwenzake. Si deni dogo: dinari ilikuwa ujira wa kibarua kwa siku, kwa hiyo ni kazi ya miezi mitatu na zaidi. Mwambie hivyo bintiyo, ajue kwamba Yesu hakulidharau deni lake. Talanta moja ilikuwa kama dinari 6,000, na mtumwa yule alisamehewa talanta 10,000. Hizo ni kete laki sita, na bao zima lina 64. Waache wajaribu kuzihesabu. Usiongeze mahubiri.

Na wakija Unguja wapeleke Mkunazini. Soko la watumwa lilifungwa mwaka 1873, kanisa likajengwa pale pale, na yaliyotendeka pale hayakufichwa. Dada mtu ameshakua, ataelewa kwamba kusamehe hakudai mtu ajifanye hakuumizwa.

Hilo lina upande mmoja ninaotaka usiupitie juu juu. Mtoto aliyezoeshwa kusamehe papo hapo na kunyamaza ndiye anayewindwa na mtu mzima mwenye nia mbaya. Waambie wote wawili, kwa maneno ya wazi: mtu mkubwa akikugusa pasipostahili, akikupiga hadi kukuumiza, au akikuambia "hii siri yetu", awe jamaa, mwalimu au mtumishi wa kanisa, njoo uniambie siku hiyo hiyo. Hutaulizwa kwanza kama umemsamehe. Mwambie na baba yao ayarudie maneno hayo hayo, wasije wakadhani ni ya mama peke yake.

Wabusu wanangu hao.

Mama yako,
Mbweni