Injini ya Gokati ya Mchangani: Usianze na Cc

Kijana akija karakana na wazo la kuunda gokati, kile kigari kidogo cha wazi cha tairi nne, cha kwanza anachouliza ni cc, yaani ukubwa wa ndani wa silinda ya injini. "Kaka, nifunge ya 150 au nitafute ya 200?" Huwa simjibu kabla hajaniambia ataiendeshea wapi. Kama ni kwenye kiwanja kigumu, hata injini ya pampu ya maji inamtosha. Lakini kama ni huku kwetu, kwenye njia za mikorosho za Nanguruwe na Tandahimba, ambako kiangazi mguu unazama hadi kifundoni, cc ni jambo la nne. Mbele yake yako matatu: injini inapozwa na nini, nguvu yake inafikaje kwenye tairi, na gari likikwama linarudije nyuma.

Nayasisitiza haya kwa sababu vijana wengi wa Mtwara wanajenga kwa fedha ya msimu. Korosho zimeuzwa, mgawo umepatikana, injini inanunuliwa. Fedha hiyo ikipotea, mpaka msimu mwingine. Kwa hiyo kaa na daftari kwanza, duka la spea baadaye.

Tuanze na joto, maana ndilo linaloua injini nyingi za gokati. Injini ya bodaboda ina mapezi kwenye silinda na inategemea upepo wa safari. Pikipiki ikiwa spidi 50, upepo unapita kwenye mapezi na kuondoka na joto. Sasa ichukue injini hiyohiyo, uifunge nyuma ya kiti, mgongo wa dereva na bati la kiti vizibe upepo wote, halafu uipeleke mchangani. Pale unatembea spidi 10 au 15 huku injini inapiga resi kama unapanda mlima. Joto linapanda, upepo hakuna. Oili inapoteza uzito wake, injini inaanza kugonga, na ukiendelea kuing'ang'aniza pistoni inakwama ndani ya silinda. Kuongeza cc hakusaidii kitu hapo, kwa sababu injini kubwa inatoa joto kubwa zaidi.

Injini za pampu na za jenereta hazina shida hiyo. Zilitengenezwa kufanya kazi zikiwa zimesimama, kwa hiyo zina feni kwenye flaiwili (gurudumu zito la chuma linalozunguka na injini) na kava la bati linaloelekeza upepo kwenye silinda. Usilitoe kava hilo ili injini ionekane. Ndilo linaloipoza.

Injini hizi ndogo ndizo zilizoanzisha mchezo wenyewe. Mwaka 1956 huko California, Marekani, fundi wa magari ya mashindano aitwaye Art Ingels alifunga injini ya mashine ya kukatia nyasi kwenye fremu ya mabomba, na gokati ikazaliwa. Leo kipimo ambacho wengi wanakifuata ni Honda GX160 na GX200 pamoja na zile za Kichina zilizoigwa kutoka kwao. GX160 ina cc 163, uzito wake ni kama kilo 15, na inafika mizunguko 3,600 kwa dakika. Ni rahisi kuipata, ni rahisi kuitengeneza, na spea zake zipo hadi vijijini kwa sababu ya pampu.

Tatizo lake ni kwamba haina gia, kwa hiyo hesabu yote inabaki kwenye spoketi, yale magurudumu ya meno yanayobeba cheni. Chukua tairi ya bajaji, ile ya 4.00-8, ambayo kipenyo chake ni kama sentimita 41. Ikizunguka mara moja inasogea mita 1.29 hivi. Ukifunga spoketi ya meno 10 kwenye injini na ya 60 kwenye shafti ya nyuma, shafti inazunguka mara 600 kwa dakika, na gari linakwenda karibu kilomita 46 kwa saa. Kwenye kiwanja hiyo ni spidi ya kufurahisha. Mchangani ni spidi usiyoweza kuifikia, na injini itazima au itaunguza klachi ikijaribu. Mimi mchangani nataka 9 kwa 1, yaani injini izunguke mara tisa shafti izunguke mara moja, inayotoa kilomita 31 kwa saa. Ila huwezi kuipata kwa kufunga spoketi ya meno 90, kwa sababu spoketi hiyo, kwa cheni ya kawaida ya pikipiki, ingekuwa na kipenyo cha sentimita 36, ndani ya tairi ya 41. Italima mchanga. Inabidi uweke shafti ya kati: 10 kwa 30, kisha tena 10 kwa 30. Beringi zake ni zile zenye nyumba ya chuma za kufunga kwa bolti mbili, UCP205 kwa shafti ya milimita 25 na UCP206 kwa milimita 30. Nenda wanakouza vifaa vya mashine za kusaga, hutazikosa.

Halafu kuna klachi yenyewe. Injini hizi hufungwa klachi inayojishika injini ikichanganya. Kwenye udongo mgumu inashika mara moja na kutulia. Kwenye mchanga mzito inashika nusu, inateleza, inashika tena, na kila inapoteleza inaungua. Harufu yake utaijua. Kwa mtoto wa kilo 35 kwenye njia iliyoshindiliwa, injini hii ninaipendekeza kwa moyo wote. Kwa mtu mzima kwenye mchanga wa Tandahimba, hapana.

Na gavana, kifaa kinachoizuia injini isizidishe mizunguko, usiiguse. Kuna watu wanaifungua ili injini ivuke 3,600. Flaiwili na konroti (mkono unaoshika pistoni) za injini hizi hazikujengwa kwa mizunguko hiyo, na flaiwili ikipasuka vipande vinaruka nyuma ya kichwa cha anayeendesha.

Injini ya bodaboda, ya 125 au 150, inakuja na klachi ya kweli na gia nne au tano, na hapo ndipo inapoizidi ya pampu. Kuna faida nyingine ambayo wengi hawaioni. Tairi ya nyuma ya pikipiki ina kipenyo cha zaidi ya sentimita 60. Ukiacha spoketi zilezile, tuseme 14 na 42, lakini ukaweka tairi ya sentimita 41, spidi inashuka kwa theluthi moja na mvuto unapanda kwa nusu. Umepata gia ya mchangani bila kukereza chochote. Pedali ya gia unaiunga kwa fimbo hadi kwenye mkono pembeni ya kiti, na inafanya kazi vizuri sana.

Kinachobaki ni upepo na rivasi, gia ya kurudi nyuma. Upepo unautafutia njia: injini ikae pembeni, isijifiche nyuma ya mgongo, na uitengenezee bati la kukinga na kuelekeza hewa. Wengine wanafunga feni ya umeme inayotumia betri, nayo inasaidia ukiwa na chaji ya uhakika. Rivasi haipo. Gokati yenye kilo 150 ikitumbukiza pua kwenye tuta la mhogo, mtu mmoja haitoi.

Ndiyo maana kwa gari la watu wawili na kwa mchanga wetu, ninachokipendekeza ni bajaji. Na sisemi injini peke yake. Nunua nyuma nzima ya bajaji iliyogongwa mbele: injini, shafti zake mbili, mikono ya kubeba tairi, shokapu, ngoma za breki na rimu. Injini yake ya petroli ya viharusi vinne ina cc karibu 200, ina feni yake ya kupoza, gia nne za mbele na rivasi, na difu, ile inayogawa nguvu kwa tairi mbili za nyuma, iko humohumo ndani ya boksi. Iliundwa kubeba abiria watatu na dereva kwa mwendo mdogo siku nzima juani. Kazi utakayoipa wewe ni ndogo kuliko ile iliyoizoea. Na kwa kuwa kila tairi ya nyuma ina mkono wake na shokapu yake, unapata gari linalofuata mabonde ya njia bila kukurusha, jambo ambalo kwenye shafti moja ngumu ungelitafuta kwa gharama kubwa.

Mahali penye kazi ni gia. Kwenye bajaji gia zinabadilishwa kwa kuzungusha mshikio wa kushoto, ambao unavuta nyaya mbili. Tengeneza mkono wa chuma wenye ekseli katikati, nyaya mbili zifungwe juu na chini ya ekseli hiyo: ukisukuma mbele waya mmoja unavutwa, ukirudisha unavutwa mwingine. Acha nafasi ya kurekebisha urefu wa waya, la sivyo gia ya tatu itakuwa inaruka. Rivasi ipe mkono wake, mbali na huo wa kwanza, ili mtu asiiingize kwa bahati mbaya gari likiwa mwendoni.

Udhaifu wake ni difu. Tairi moja ikipoteza mshiko, nguvu yote inakimbilia huko na nyingine inasimama. Shafti moja isiyo na difu haifanyi hivyo, tairi zote mbili zinasukuma, ingawa kwenye kona ngumu gari linakataa kukunja. Mimi bado naichagua bajaji. Nashusha upepo wa tairi hadi kama nusu ya ule wa lami, na naweka kiti karibu na injini ili uzito ulalie nyuma. Usishushe zaidi ya hapo, tairi hizi nyembamba zenye tyubu zinazunguka ndani ya rimu na kung'oa nozeli.

Injini za dizeli za mashine ya kusaga ziache. Nyingi zinapita kilo 100, na mtikisiko wake unapasua maungio ya welding.

Ukienda kununua injini iliyotumika, fika asubuhi kabla haijawashwa. Shika silinda kwa kiganja. Ikiwa ya moto, muuzaji ameiwasha mapema ili isikusumbue, na injini nzuri haihitaji hivyo. Ikishawaka tazama moshi: wa bluu maana yake inakula oili, ringi au silinda zimekwisha. Fungua nati ya oili, paka oili kidogo kwenye kidole na uitazame juani. Ukiona vumbi linalometameta, chuma kinasagika ndani. Ingiza gia zote, moja moja, nyuma na mbele. Mwisho, na hili usilipuuze kwa ajili ya bei nzuri, linganisha namba ya injini na kadi ya chombo na uandikiane na muuzaji mbele ya shahidi. Injini za wizi zinazunguka, na polisi wakiifuata watamkuta aliyeishika.

Kwenye fremu nitapita haraka. Tumia bomba jeusi la inchi moja na nusu, unene usipungue milimita 2. Usichomelee mabomba ya maji ya galvanaizi bila kusaga zinki yote, moshi wake unaleta homa na kifua. Weka upinde juu ya kichwa, mkanda wa kiti, kava la cheni au shafti, na bati kati ya tangi na mgongo. Swichi ya kuzimia iwe mahali ambapo na mtu aliyesimama nje anaifikia. Breki za ngoma za bajaji zinatosha zikiwa nzima. Kwa chumvi ya hewa yetu, paka red oksaidi, rangi ya kuzuia kutu, siku hiyohiyo unayomaliza kuchomelea. Ukilala, asubuhi utaamkia kutu.

Usukani unahitaji jicho. Tazama gari kwa juu: vuta uzi kutoka pini ambayo kila tairi ya mbele inageukia, upite kwenye mkono wa tairodi (fimbo inayounganisha tairi za mbele), uende nyuma. Nyuzi mbili zikutane katikati ya mstari wa tairi za nyuma. Zikikutana hapo, tairi ya ndani itakunja zaidi ya ile ya nje, na gari litazunguka bila kuburuta mchanga. Zisipokutana, mbele italima na utailaumu injini kuwa haina nguvu.

Chujio la hewa lipandishe juu, usawa wa bega, kwa bomba la mpira. Vumbi linaloinuliwa na tairi za mbele linaishia nyuma kabisa, na injini inayovuta mchanga mwembamba inakwisha ringi mapema mno. Sponji ifue kwa sabuni, ikauke, uipake oili kidogo kisha uikamue. Fanya hivyo kila unapotoka shambani.

Ufukwe wa Msimbati unavutia, najua, na magari hupita pale. Lakini lile ni eneo la Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, na kasa hutaga kwenye mchanga ule, kwa hiyo gokati usiipeleke. Barabara kuu nayo si yake, haina usajili wala taa. Njia za mashambani ndizo zake, kwa ruhusa ya mwenye shamba. Kuanzia Oktoba hadi Desemba zina akina mama na watoto wameinama wanaokota korosho chini ya miti, hivyo majaribio yako yaanze Januari. Siku ya kwanza nenda na gia ya kwanza na ya pili tu kwa nusu saa, zima, kisha pitia bolti zote kwa spana, ukianzia na zile za maunti ya injini.