Kadi Nane, Si Tisa: Maswali Yenu Kuhusu Kukata Kadi za Michezo Nyumbani

Safari hii maswali mengi yanahusu mashine ndogo za kukatia za mezani, hasa Cricut na Silhouette, na kadi za michezo ya kujitungia. Pasipotajwa kingine, vipimo ni vya kadi ya milimita 63 kwa 88 kwenye karatasi ya A4, kona zikiwa zimeviringwa kwa nusu-kipenyo cha milimita 3.

Nina Silhouette Cameo. Nimepanga kadi 9 kwenye A4 na zinaenea vizuri, lakini mashine inagoma kusoma alama. Programu ndiyo mbovu? (Msomaji, Arusha)

Programu haina kosa. Mashine haioni picha yako. Ili ijue karatasi imekaaje, inatafuta alama tatu nyeusi tu, mraba mmoja kwenye kona moja ya karatasi na alama mbili za umbo la L kwenye kona nyingine mbili. Kadi 9, tatu kwa tatu, zinachukua mm 189 kwa 264. Upana wa A4 ni mm 210, kwa hiyo kila upande unabakiwa na mm 10.5. Ondoa mm 3 za rangi inayopitiliza mstari wa kukata, ile ambayo watu wa matbaa wanaiita blidi, unabaki na 7.5. Hapo alama haina pa kukaa bila kukanyaga picha, na sensa, jicho la mashine, ikikuta rangi imeisogelea alama inapotea.

Laza karatasi, upange kadi nne kwa mbili. Ukiacha mm 2 kati ya kadi na kadi (hapo blidi ya kila kadi inabaki mm 1), unapata mm 258 kwa 178, na pembeni zinabaki mm 19.5 na 16. Alama zinakaa kwa raha. Zile mm 2 za katikati usizibane ili kuokoa nafasi: kadi mbili zikichangia mstari mmoja, kisu kinapita mara mbili mahali pamoja na kuacha nyuzi.

Wenye Cricut waangalie kwanza ukubwa wa eneo ambalo programu inaruhusu kuchapa na kukata. Kwa miaka mingi kikomo kilikuwa inchi 6.75 kwa 9.25, yaani kadi nne tu kwa ukurasa zikielekea upande mmoja. Matoleo ya karibuni yameongeza eneo hilo, ila inategemea mashine uliyo nayo.

Kata inahama. Kadi zinatoka na mstari mweupe upande mmoja, mara mm 1, mara 2. Nimeshakalibrisha (kusawazisha vipimo vya mashine) mara nne. (Fundi wa stika, Mwanza)

Ya tano isubiri. Kwanza usome namna kata inavyohama. Chapisha ukurasa wa kadi nane tupu zenye mstari mwembamba wa ukingo, kata, kisha pima kwa rula kadi ya kwanza na ya mwisho zikiwa bado zimeshika kwenye mkeka, ule wa gundi unaoshikilia karatasi.

Kama zote zimehama kiasi kilekile, upande uleule, hiyo ndiyo hitilafu inayotibiwa kwa kukalibrisha, na hakuna nyingine inayotibika hivyo.

Kama kadi ya kwanza iko sawa na kosa linakua kadiri unavyokwenda mbali, printa imepunguza ukurasa. Programu nyingi za kusomea PDF hupunguza zenyewe ili picha isiguse ukingo, na hazikuulizi. Kwenye asilimia 97, alama iliyotakiwa kuwa mm 250 kutoka mwenzake inakuwa kwenye 242.5. Mashine ama haiioni kabisa, ama inaikuta na kukata kwa vipimo visivyolingana na picha. Chagua asilimia 100 kwenye dirisha la kuchapa, ondoa tiki ya kutoshesha ukurasa, kisha upime kadi iliyochapwa: kimo kikiwa mm 85 na ushee badala ya 88, bado inapunguzwa mahali fulani, pengine kwenye mipangilio ya printa yenyewe.

Kama kosa halina mpangilio, kadi hii kushoto na ile kulia, karatasi inateleza. Mkeka umepoteza gundi, au magurudumu yana vumbi la karatasi, au kasi ni kubwa mno kwa karatasi nzito. Punguza kasi, futa magurudumu, bandika kingo za karatasi kwa maskintepu. Na zima pangaboi. Karatasi iliyoinuka kona inapepea, na kisu kinaikamata.

Kuna pia mwanga. Jua la dirishani likipiga moja kwa moja kwenye sensa, alama zinasomwa vibaya. Vilevile tona ya printa ya leza hung'aa, ndiyo maana alama za wino wa kawaida kwenye karatasi isiyong'aa husomeka kwa urahisi zaidi.

Hata ukiyarekebisha yote hayo, usitegemee chini ya nusu milimita. Kwa hiyo tatizo lililobaki limalize kwenye mchoro. Kadi yenye fremu nyembamba ya mm 1 pembeni, ikihama nusu milimita, inakuwa na 0.5 huku na 1.5 kule, na jicho linaona mara moja kwamba upande mmoja ni mara tatu ya mwingine. Fremu ya mm 4 ikihama kiasi hichohicho hakuna atakayejua. Au acha fremu kabisa, rangi ivuke ukingo.

Mgongo wa kadi haukutani na uso. Nageuza karatasi kwa uangalifu lakini wapi! (Msomaji, Nairobi)

Uangalifu wako hauna la kufanya hapo. Printa za nyumbani huvuta karatasi kwa tofauti ya mm 1 hadi 2 kati ya upande na upande. Shikilia ukurasa uliochapwa pande zote kwenye kioo cha dirisha, pima umehama kiasi gani, kisha sogeza picha ya migongo kwenye faili kinyume chake: ikiwa, ukiitazama upande wa mgongo, imekwenda kulia mm 1.2, isogeze kushoto mm 1.2. Rudia kwa kurasa tatu. Zikitofautiana sana zenyewe kwa zenyewe, hilo halirekebishiki kwenye faili.

Hapo kuna njia mbili. Ya kwanza ni mgongo wa ruwaza inayojirudia bila fremu, uchapwe mpana kuliko kadi zote nane kwa pamoja. Kata kutoka upande wa uso, wenye alama, na mgongo utakatwa popote bila mtu kugundua. Ya pili ni kukunja: nyuso nne safu ya juu, migongo minne safu ya chini ikiwa juu-chini, zote upande mmoja wa A4 ya gramu 120 (uzito wa karatasi kwa mita ya mraba). Kunja katikati, uunganishe kwa gundi ya kupulizia, ugandamize chini ya vitabu. Uso na mgongo vinakutana barabara kwa sababu vilichapwa kwa pamoja. Hasara yake ni kadi nne tu kwa karatasi, na alama za mashine hazipati nafasi ya maana, hivyo hizo zikate kwa kisu na rula ya chuma.

Kwa michezo ya kuficha kadi mkononi, jua kwamba karatasi ya kawaida ya gramu 300 bado huonyesha kivuli ukiielekeza kwenye taa. Karata za kiwandani zina kiini cheusi au cha buluu katikati kwa sababu hiyohiyo.

Karatasi ya gramu 300 haikatiki hadi chini, na kingo zina manyoya. Niongeze nguvu? (Mwanafunzi wa usanifu, Kampala)

Ongeza mapito. Ukikandamiza sana mara moja, kisu kinasukuma nyuzi za karatasi badala ya kuzikata, ndiyo hayo manyoya. Kwenye Cameo kila namba ya kisu cha kujirekebisha ni mm 0.1, anzia 4, kasi ndogo, mapito mawili, ukijaribu kwenye kona ya karatasi kwanza. Kadi ikibaki imeshika chini, panda hadi 5. Kwenye Cricut chagua karatasi nzito na uiambie mashine irudie kukata kabla hujatoa mkeka. Ukishautoa, nafasi imepotea.

Kama jana ilikata safi na leo haikati, kisu kimechoka au kuna kipande cha karatasi kimenasa kwenye ncha. Fungua, pulizia, utazame chini ya mwanga.

Mkeka mpya unachana kadi, wa zamani haushiki. (Msomaji, Moshi)

Mpya upige mara tatu nne juu ya fulana safi ya pamba upunguze ukali. Wakati wa kutoa, geuza mkeka kadi zitazame meza, kisha ukunje mkeka kuziacha. Ukivuta kadi yenyewe itajikunja. Wa zamani uoshe kwa maji ya uvuguvugu na sabuni, uache ukauke wenyewe bila kufutwa kwa taulo. Usipofufuka hapo, umekwisha.

Nikilamineti kwanza mashine haisomi alama. Nikikata kwanza, laminesheni inabanduka kingo. Nifanyeje? (Msomaji, Dodoma)

La kwanza: plastiki inarudisha mwanga kwenye sensa. Bandika kipande cha seloteipu isiyong'aa juu ya kila alama, au tumia filamu isiyong'aa toka mwanzo.

La pili ni gumu zaidi. Mfuko wa laminesheni hushika imara pale plastiki inapokutana na plastiki. Ukikata sawa na ukingo wa karatasi, kilichobaki ni gundi iliyoshika uso wa karatasi tu. Kwenye karatasi ya picha inabanduka haraka, kwa kuwa imeshika ule utando wa juu ambao nao haujashika sana. Tumia karatasi isiyo na utando, na wino ukauke siku nzima kabla ya joto.

Lakini piga hesabu ya unene. Mfuko wa maikroni 125 kila upande unaongeza mm 0.25 kwa kadi. Kadi 54 zinanenepa mm 13.5, na kuchanganya kunakuwa kama kuchanganya vigae. Sisi tungekwenda kwenye vifuko vya kadi vya 63.5 kwa 88. Chapisha kwenye karatasi ya gramu 80 au 100, kata mm 62 kwa 87, uingize pamoja na karata ya zamani nyuma yake kama uti wa mgongo. Pima hiyo karata kwanza: nyingi madukani zina upana wa mm 57 na zitacheza ndani ya kifuko.

Kadi zangu zinajikunja kama majani makavu ndani ya siku mbili. (Msomaji, Tanga)

Unyevu wa pwani, na upande mmoja ulioshiba wino kuliko mwingine. Karatasi hunyonya unyevu. Upande uliofunikwa kwa rangi nzito au plastiki hautanuki sawa na ulio wazi, basi kadi inapinda. Pande zote zipate matibabu yaleyale: ukilamineti uso, lamineti na mgongo. Hifadhi karatasi kwenye mfuko wa plastiki uliofungwa, na vile vipakiti vya kukausha unyevu vinavyokuja na viatu vipya usivitupe, vitie humo.

Nataka karata zenye majina yetu: kopa, uru, pau na shupaza. Nianzie wapi? (Msomaji, Unguja)

Anza na kipimo cha picha. Kwa nukta 300 kwa inchi, kadi pamoja na mm 3 za ziada kila upande ni nukta 815 kwa 1110. Mstari wa kukata uko ndani, 744 kwa 1039. Namba na jina vikae angalau mm 3 ndani ya mstari huo. Usichore kadi 52 moja moja: andika orodha kwenye lahajedwali na utumie programu kama nanDECK, ya bure kwenye Windows, inayosoma orodha na kuzalisha kadi zote. Ukikuta jina limeandikwa vibaya, unarekebisha neno moja. Karata 52 na jokeri 2 zinaingia kurasa 7 za kadi nane, zinabaki nafasi mbili za kuandika sheria.

Umeme ukikatika katikati ya kazi? (Msomaji, Goma)

Usibandue karatasi. Umeme ukirudi, pakia mkeka upya, isome alama tena, na kwenye programu uzime kadi zilizokwishakatika kabla ya kuendelea. Iliyokatwa nusu ihesabu imekufa.

Ni mwalimu, nahitaji kadi 120 za msamiati kwa darasa. Ninunue mashine? (Mwalimu, Kisumu)

Kwa kadi za mstatili, hapana, mwalimu. Ni kurasa 15, na duka la uchapaji lenye gilotini hukata rundo lote kwa muda mfupi kuliko mashine inavyomaliza kurasa chache. Kona unaziviringa kwa kikata kona cha mkono cha mm 3: kadi 120 ni minofyo 480, kazi ya jioni moja kwa watu wawili. Mashine inalipa pale umbo linapokuwa la pembe sita, au vipande vidogo vya mviringo, ambavyo gilotini haiwezi.