John Smith yupi?

SWALI: Ndugu Mhariri, kitabu cha mwanangu kinasema John Smith alifika Virginia, huko Amerika, mwaka 1607, nami nimesikia redioni John Smith bingwa wa mieleka. Je, kitabu kimekosea? Msomaji, Kamalondo, Lubumbashi.

JIBU: Hapana, ndugu msomaji, jina hilo limeenea kwa Waingereza kama Ilunga kwetu Katanga. Yule wa Virginia ni nahodha Mwingereza aliyeongoza makazi ya Jamestown, akachora ramani ya nchi ile iliyochapishwa mwaka 1612, na kufariki London mwaka 1631. Mwanamieleka ni Mmarekani, mshindi wa dhahabu ya Olimpiki mwaka 1988 na 1992. Yupo pia mwanasiasa, kiongozi wa chama cha Leba cha Uingereza, ambaye kifo chake cha ghafla mwaka 1994 kilimfungulia njia Tony Blair kukiongoza chama hicho.